Mapambo ya Ukutani Hayahitaji Fedha Nyingi

Askari apokeapo barua ya uhamisho, jamaa yake huwa na siku chache tu za kufunga mizigo. Magodoro, masufuria na masanduku ya nguo hupakiwa garini. Nyumba inayoachwa hubaki na kuta tupu, na ile wanayoikuta waendako nayo kuta zake ni tupu vile vile. Baada ya uhamisho wa tatu au wa nne, mtoto hana tena mahali awezapo kupaita kwao. Hapo ndipo mapambo ya ukutani yanapoacha kuwa anasa ya wenye fedha, yakawa sehemu ya malezi.

Mjini Bujumbura, wengi wanaoanza maisha katika chumba na sebule huko Ngagara, Bwiza au Kinama hudhani kwamba kupamba nyumba ni kununua picha za madukani zenye kung'aa, na pengine kukopa kwa ajili hiyo. La hasha! Vitu vifaavyo vimo nchini, na vingine vimo humo humo nyumbani.

KAZI ZA MIKONO

Burundi ni nchi ya wasusi. Vikapu vyenye vifuniko vilivyochongoka, ambavyo kwa Kirundi huitwa ibiseke, hujulikana kila mkoa. Kifuniko kimoja pekee ukutani huonekana kama kimepotea njia. Lakini vitatu vya ukubwa mbalimbali, vikikaribiana, hupendeza. Ungo wa zamani uliokwisha toboka na usiofaa tena kupepetea haustahili kutupwa: husuguliwa kwa brashi kavu, ukaanikwa, kisha ukatundikwa. Jamvi la mafunjo, likipunguzwa kwa kadiri ya ukuta, huficha lipu iliyochakaa kuliko rangi ya bei kubwa.

Wazee wanakumbuka pia nguo za magome ya mvumu, yaani impuzu. Gome lilibanduliwa mtini, likapondwapondwa kwa nyundo ya mti yenye mifuo mpaka likawa jembamba na pana kama shuka. Nchini Uganda sanaa hiyo ingali hai, na mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa wanadamu wote. Kipande cha nguo hiyo, hata kidogo, ni pambo lenye heshima. Lakini kisiwekwe penye unyevu, kwani huoza upesi.

Na vitenge? Mabaki yapatikanayo kwa mafundi cherehani huvutwa juu ya fremu ya mbao na kupigiliwa kwa nyuma. Mwenye kitenge cha zamani cha COTEBU, kiwanda cha nguo cha Bujumbura ambacho kilikwisha fungwa, anacho kipande cha historia ya mji wake.

VITU VILIVYOKWISHA TUMIKA

Soko Kuu la Bujumbura liliungua tarehe 27 Januari 2013, na wachuuzi wengi wakahamia masoko mengine, likiwamo Ruvumera lililoko Buyenzi. Katika masoko ya namna hiyo fremu kuukuu, vioo na mbao za makasha hupatikana kwa bei nafuu. Hata hivyo mnunuzi awe na macho. Nyufa za fremu ni maskani ya kunguni: yafaa zimwagiwe maji yanayochemka nje ya nyumba, kisha zianikwe juani kutwa nzima. Mbao yenye vumbi laini na matundu madogo ina wadudu; iachwe huko huko sokoni. Tena ni vema kumwuliza muuzaji kitu kimetoka wapi. Itakuwa aibu kubwa kioo cha wizi kuonekana katika sebule ya polisi.

NAMNA YA KUTUNDIKA

Mwenye nyumba hapendi kuona ukuta wake umetobolewa kama chujio, na nyumba za kambini hazitobolewi bila ruhusa. Dawa yake ni ubao mmoja mwembamba, wa urefu wa mita moja na nusu au mbili, uliopigwa msasa na kupakwa vanishi. Ubao huo hufungwa juu ya ukuta kwa skrubu mbili au tatu, na vitu vyote huning'inizwa humo kwa kamba ya katani. Siku ya kuhama, matundu hayo machache huzibwa, na ubao huondoka pamoja na mizigo.

Katikati ya pambo pawe kiasi cha sentimita 150 kutoka sakafuni, ili litazamwe bila kuinua shingo. Ukuta usitobolewe juu wala chini ya swichi, maana nyaya za umeme hupita humo. Wakati wa masika, vijiti vidogo huwekwa nyuma ya fremu ili hewa ipite. Na nyuzi na majani yasitundikwe karibu na jiko la makaa.

PICHA YA BABA

Mwaka 2007 askari wa Burundi walianza kupelekwa Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika, na kwa miaka mingi wengine waliwafuata. Si wote waliorudi. Katika nyumba nyingi, mtoto aliijua sura ya baba yake kwa picha kabla ya kuijua kwa macho. Picha kama hiyo haifai kubaki ndani ya bahasha chini ya godoro. Iwekwe katika fremu, hata kama fremu hiyo imetoka sokoni, nayo ipewe nafasi ya katikati ya ubao, kando ya ungo wa bibi na kitenge cha mama.

Jamaa ifikapo kituo kipya, ubao huo na ufungwe kwanza, kabla ya masanduku kufunguliwa. Mtoto atakapoingia ndani na kuvikuta vitu vile vile kwa mpango ule ule, atajua kwamba amefika kwao.