Ukikuta mavi ya panya stoo, weka fagio chini kwanza

Ukifungua stoo ukakuta mavi ya panya unafanya nini? Wengi wetu tunashika fagio. Mimi nililelewa hivyo: vumbi likipanda unapiga chafya, unaendelea.

Niliacha baada ya kusoma habari za watu wanaohesabu panya porini.

Magharibi mwa Marekani, katika majimbo kama Nevada na Idaho, kuna nyika kavu zenye kichaka cha kijivu chenye harufu kali kiitwacho sejibrashi. Maeneo makubwa yameungua, kwa sababu nyasi ngeni zilizoenea humo hukauka mapema na kushika moto haraka. Aina kuu ya kichaka hicho ikiungua haichipui tena kwenye shina, hivyo wataalamu hulazimika kupanda upya. Watajuaje kama ardhi inapona? Njia mojawapo ni kuangalia wanyama wadogo waliorudi.

Jioni hutega vijisanduku vya alumini vyenye siagi ya karanga na nafaka. Huweka na pamba, mnyama asife kwa baridi. Alfajiri kila aliyenaswa hupimwa uzito, huvalishwa kipini chenye namba sikioni, kisha huachiwa. Wakitega tena, huangalia wangapi kati ya walionaswa wana namba, na hapo hukadiria idadi yao.

Wapo panya warukao kwa miguu ya nyuma kama kangaruu, ambao hufukia akiba ya mbegu. Zile wasizozirudia huweza kuota. Wasaidizi wa bure hao. Yupo pia panya mdogo mwenye tumbo jeupe, aishiye karibu popote, hata palipoharibika. Akijaa yeye tu, wataalamu hawafurahi.

Huyo wa tumbo jeupe ndiye anayetuhusu sisi wazazi. Mwaka 1993, kusini zaidi, pale majimbo ya New Mexico, Arizona, Colorado na Utah yanapokutana, vijana wenye afya njema walianza kufariki ghafla, mapafu yakiwa yamejaa maji. Chanzo kilikuwa kirusi cha hanta, kinachotoka kwenye mkojo, mavi na mate ya panya huyo. Mtu hukivuta pamoja na vumbi. Kwa nini mwaka ule? Watafiti wa Sevilleta, New Mexico, walikuwa wanatega panya tangu kabla ya mlipuko, na kumbukumbu zao zilionyesha panya waliongezeka baada ya mvua nzuri. Walikuwa wanahesabu kwa ajili ya mazingira, hospitali ndizo zikahitaji daftari lao.

Panya huyo ni wa Amerika Kaskazini, hayupo stoo kwako. Wa kwetu wana maradhi yao. Homa ya mgunda iliyozuka Ruangwa, Lindi, mwaka 2022 huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo.

Kwa hiyo watoe watoto nje. Fungua milango na madirisha nusu saa. Vaa glavu, changanya jiki kipimo kimoja na maji vipimo tisa, nyunyizia mavi yalowe, subiri dakika tano. Futa kwa karatasi, tupa, kisha deki sakafu na unawe mikono kwa sabuni.

Nilipomweleza mama, aliuliza fagio litafanya kazi gani sasa. Nikamwambia uani bado kuna majani.