Vyakula vya Wajapani Vyabisha Hodi Kariokor

Anayeshuka matatu penye soko la Kariokor saa saba za mchana hupokewa na moshi kabla hajapokewa na mtu. Mbavu za mbuzi ziko juu ya makaa, ugali unakatwa kwa kisu, kachumbari imejaa sinia, na upande wa pili vyondo vimetundikwa na mafundi wa ngozi wanagonga makubadhi. Si mahali pa kutarajia mazungumzo juu ya mchuzi wa Kijapani. Walakini yamefika. Ipo miso, lipo tunda la chumvi liitwalo umeboshi, upo mwani, upo mchele usiokobolewa, na vyote hivyo, kwa kauli ya wenye kuvinadi, huondoa sukari, presha na hata saratani. Mtindo huo wa kula huitwa makrobiotiki.

Jina la mtaa huu lenyewe, msomaji, ni habari ya chakula. Kariokor ni Carrier Corps, lile jeshi la wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Hesabu ya serikali ilitaja zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wengi huamini walipita hapo. Risasi iliua wachache. Wengi walikwenda kwa maradhi, hasa tumbo la kuhara damu, na sababu mojawapo ilikuwa posho: unga wa mahindi wa chenga, uliopikwa haraka bila kuiva, wakilishwa watu ambao wengine kwao walizoea ndizi, mtama au muhogo.

Wajapani nao walikuwa na Kariokor yao. Askari wao walipewa mchele mweupe uliokobolewa ukang'aa, heshima kubwa kwa mtoto wa mkulima, na mchele huo ukawaletea beriberi, maradhi ya kuvimba miguu, kulegea viungo na kusimama moyo. Daktari wa jeshi la majini, Takaki Kanehiro, aliligundua jambo hilo kwa kubadili chakula cha mabaharia miaka ya 1884 na 1885, akawaongezea nyama na shayiri, na beriberi ikakimbia melini. Jeshi la nchi kavu halikumsikiza. Katika vita na Urusi vya 1904 na 1905, askari wapatao 27,000 walikufa kwa beriberi. Kilichokosekana kilikuwa kwenye pumba: vitamini ambayo leo twaijua kwa jina la B1.

Katika zama hizo ndipo alipotokea daktari mwingine wa jeshi, Ishizuka Sagen, aliyewahimiza watu kula nafaka nzima na mboga za kwao. Mafundisho yake yalirithiwa na George Ohsawa, aliyezaliwa 1893, ambaye alichanganya chakula na falsafa ya yin na yang. Bwana huyu alifika Afrika katikati ya miaka ya 1950, akaenda Lambaréné nchini Gaboni kwenye hospitali ya Albert Schweitzer kumshawishi juu ya tiba yake. Hakufaulu kumgeuza yule mzee. Mwanafunzi wake Michio Kushi ndiye aliyeuneza mtindo huo Marekani, na duka lao la Boston, lililofunguliwa 1966, likauza miso kwa vijana wenye nywele ndefu.

Sisi wa pwani yin na yang haitushangazi. Bibi zetu waligawa vyakula kuwa vya baridi na vya moto kabla hatujamsikia Ohsawa, elimu iliyopitia kwa matabibu wa Kiarabu kutoka kwa Wayunani. Mwenye mafua hapewi tango, mzazi hupewa mchuzi wa pilipili manga. Kwa hiyo sicheki.

Sasa tuitazame miso yenyewe. Soya huchemshwa ikalainika, ikapondwa, ikachanganywa na chumvi na koji, yaani mchele au shayiri iliyooteshwa ukungu maalumu. Rojo hilo hushindiliwa katika pipa na kuachwa lichachuke kwa miezi, au miaka miwili na zaidi kama ile nyeusi ya mji wa Okazaki. Umajimaji unaojikusanya juu yake ndio asili ya tamari, mchuzi wa soya wa watu wa makrobiotiki. Ladha yake ni nzito, kama supu ya mifupa isiyokuwa na mifupa. Mwana kemia Ikeda Kikunae aliichunguza ladha ya namna hiyo mwaka 1908 katika supu ya mwani wa kombu, akaiita umami.

Nauhimiza umakini juu ya neno ukungu. Ukungu wa koji umefugwa na Wajapani kwa karne nyingi hata ukawa hauna sumu. Binamu yake wa mwituni ndiye anayeota katika mahindi mabichi ghalani na kutoa aflatoksini. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 walipatikana kuugua sumu hiyo na 125 wakafa. Nimesikia mtu akisema atajitengenezea miso nyumbani kwa kuacha wali uote ukungu wenyewe juu ya kabati. Asithubutu! Koji hununuliwa mbegu yake kwa wanaoijua.

Jambo la pili ni chumvi. Mzee mmoja wa mtaa huu, dereva mstaafu, aliletewa kopo la miso na mwanawe aliye ng'ambo, akaacha vidonge vya presha wiki tatu.

"Mwalimu," aliniambia, "kitu cha Japani hakina hila. Mimi nimeendesha Toyota miaka ishirini."

Nilimwonyesha maandishi ya kopo. Kijiko kimoja kikubwa cha miso kina karibu gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Yeye alikunywa bakuli tatu. Mkewe, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alisema, "Mimi nilimwambia, mzee wangu, hii ni chumvi yenye jina refu." Asubuhi yake akampeleka zahanati.

Hatari hii ina historia. Mwaka 1965 huko New Jersey msichana mmoja aliyefuata daraja kali kabisa la Ohsawa, la kula nafaka tupu, alidhoofika akafa. Wafuasi walilegeza masharti baadaye. Hata mwani una mipaka: ule mweusi wa hijiki, serikali ya Uingereza iliwaonya watu wake mwaka 2004 wasiule kwa sababu ya sumu ya aseniki. Hayo hayaandikwi kwenye karatasi za wanadi.

Na bei? Kopo dogo la Westlands hula posho ya nyumba ya siku kadhaa. Umeboshi ni tunda chungu linalotiwa chumvi na kuanikwa juani. Mama yeyote wa Lamu au Mombasa aliyewahi kuweka ndimu za achari juu ya paa ataijua kazi hiyo. Mwani hulimwa na akina mama wa Kibuyuni na Gazi, Kwale, ukakaushwa na kuuzwa nje kwa viwanda vya kugandishia vyakula na dawa za meno, wala si ule wa kombu. Uji wa wimbi uliochacha upo. Kunde zipo. Mchele usiokobolewa wa Mwea huulizwa Nyamakima, mwendo wa mguu kutoka sokoni; uloweke usiku, maana usiporoweka utaungojea jikoni mpaka makaa yaishe.