Darubini ya mtumba: Mwambie muuzaji aimulike kwa kurunzi kwanza

MLENGAJI shabaha aliyelala kifudifudi mita 100 kutoka kwa karatasi yake hawezi kuona kwa macho matupu mahali risasi ilipotoboa. Bunduki ndogo ya .22 huacha tundu la takriban milimita 5.6, dogo kuliko punje ya hindi. Asiye na darubini hana budi kungoja ufyatuaji usimamishwe, atembee hadi kwenye karatasi na kurudi, ndipo ajue iwapo alikuwa akipiga kushoto au kulia.

Hata hivyo, darubini mpya za kampuni zinazosifika kama vile Swarovski na Kowa zaweza kumgharimu mtu pesa nyingi kuliko bunduki yenyewe. Ndiyo maana wengi huelekea kwenye mtandao wa intaneti, katika masoko kama eBay au Jiji, kutafuta ya mtumba. Si wazo baya. Kioo hakichakai kama injini ya gari, na darubini bora ya miaka ya 1990 iliyotunzwa vyema yaweza kuonyesha tundu kwa uwazi unaoishinda mpya ya bei rahisi.

Kwanza, ifahamike kwamba tunazungumzia darubini inayosimama kando kwenye stendi ya miguu mitatu, sawa na ile inayotumiwa na watazamaji wa ndege. Ile inayofungwa juu ya bunduki ni kifaa kingine chenye masharti yake. Wauzaji Waingereza na Wamarekani huziita zote mbili kwa neno moja, kwa hivyo picha itazamwe kwa makini.

Nambari ndizo huwapotosha wengi. Tangazo likisema 20-60x60, maana yake ni kwamba darubini hukuza mara 20 hadi 60, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 60. Gawanya upana kwa ukuzaji nawe utapata upana wa mwale unaoingia jichoni. Kwa ukuzaji wa mara 20 ni milimita 3, kiasi kinachotosha. Kwa mara 60 ni milimita moja tu, na picha huwa yenye giza. Zaidi ya hayo, jua la mchana likichoma ardhi, hewa hutetemeka kama mvuke wa sufuria na ukuzaji mkubwa hukuza mtetemeko huo pia. Kwa karatasi iliyo mita 50 au 100, mara 20 hadi 30 kwa kawaida hutosha kuona tundu la .22, mradi kioo ni kizuri. Anayejigamba kwa mara 60, au mara 100, anakuuzia nambari. Mtetemeko wenyewe si adui daima, kwani katika uwanja wa Bisley nchini Uingereza, ambako walengaji hupiga hadi yadi 1,200, huutazama kwa darubini ili kujua upepo unaelekea wapi.

Kasoro kubwa za darubini iliyotumika hujificha ndani, mahali ambapo picha ya tangazo haifiki. Mbaya zaidi ni kuvu. Kifaa kikihifadhiwa mahali penye unyevu, tuseme katika nyumba ya Mombasa au Lamu, ndani ya mkoba wa ngozi usiopitisha hewa, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui huota juu ya lenzi. Zikikaa muda mrefu, asidi yake hula kioo chenyewe na usafishaji hauwezi kukirejesha. Mwombe muuzaji amulike kurunzi kupitia lenzi ya mbele kisha apige picha kutoka upande wa jicho, na vilevile kinyume chake. Kuvu, ukungu na mikwaruzo vitajitokeza. Mkwaruzo mmoja mdogo kwenye lenzi ya mbele hauna madhara makubwa. Ulio kwenye lenzi ya jicho hukera kila unapotazama.

Ombi la pili ni picha ya gazeti lililobandikwa ukutani hatua 50 mbali, iliyopigwa kwa simu kupitia darubini hiyo. Herufi zikionekana maradufu, huenda kifaa kiliangushwa na vioo vyake vya ndani vikahama. Muuzaji anayekataa maombi haya mawili, ambayo hayamchukui hata robo saa, ni bora aachwe.

Uliza pia kama lenzi ya jicho imo katika bei. Darubini nyingi za hali ya juu huuzwa bila lenzi hiyo, na mara nyingi ya kampuni moja haiingii katika ya kampuni nyingine. Hata ndani ya kampuni moja, ya mtindo wa zamani yaweza kukataa mwili mpya. Anayevaa miwani atafute yenye kuruhusu jicho kukaa angalau milimita 15 kutoka kwenye kioo.

Kuhusu malipo, kumtumia mtu usiyemjua pesa kwa M-Pesa kabla ya kuona mzigo ni kumpa zawadi. eBay huahidi kurejesha pesa iwapo bidhaa haifanani na maelezo, lakini ahadi hiyo haihusu mzigo uliofikishwa kwenye anwani moja kisha ukapelekwa kwingine. Wakenya wengi wanaotumia mawakala wa kupokelea mizigo Marekani au Uingereza hawalijui jambo hili. Aidha, bei haiishii kwa muuzaji: kuna nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16.

Mzigo ukifika, piga video unapoufungua, umulike kurunzi siku hiyo hiyo, kisha ubandike gazeti ukutani na kulisoma kwa hatua zile zile 50, kabla ya muda wa kulalamika kwisha.