Upanga unaomla bwana wake: Siri ya mvuto wa visa vya Elric

SHUJAA wa hadithi za kale, ziwe za Waswahili au za Wazungu, kwa kawaida huwa ni mtu wa miraba minne, jasiri wa kupigiwa mfano na mwenye silaha isiyomsaliti. Fumo Liyongo wa pwani ya Kenya husifiwa kwa upinde wake na kwa mwili ambao haukuweza kuangamizwa ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Conan, mbabe aliyebuniwa na Mmarekani Robert E. Howard mnamo 1932, aliyategemea misuli yake na upanga wake.

Mnamo Juni 1961, kijana Mwingereza mwenye umri wa miaka 21, Michael Moorcock, aliipindua sura hiyo. Mhariri wa jarida la Science Fantasy, John Carnell, alikuwa amemwomba hadithi za mtindo wa Conan. Alichopokea kilikuwa kinyume kabisa. Katika kisa cha kwanza, The Dreaming City, shujaa ni Elric, mfalme wa mwisho wa kisiwa cha Melniboné, mtu mwenye ualbino ambaye mwili wake ni dhaifu kiasi cha kuhitaji dawa ili aweze kuishi. Nguvu zake zinatoka katika upanga mweusi uitwao Stormbringer. Upanga huo una hiari yake wenyewe. Hunyonya roho za wanaouawa nao, kisha humgawia mwenyewe sehemu ya uhai huo.

Hapo ndipo ulipo mvuto mkuu wa visa hivi. Katika hadithi nyingi za kusisimua, ushindi ni mwisho wa taabu. Kwa Elric, kila ushindi ni deni jipya. Wahenga walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa, lakini katika visa hivi mwenye kukopa ni mmoja na wanaolipa ni wengine, hasa wale anaowapenda.

Kisa cha kwanza kinalidhihirisha jambo hilo bila huruma. Elric anaongoza majeshi ya maadui dhidi ya mji wake mwenyewe, Imrryr, ili amwokoe mpenzi wake Cymoril kutoka kwa binamuye Yyrkoon aliyemnyang'anya kiti cha enzi. Mji unateketea, naye Yyrkoon anauawa. Hata hivyo, katika purukushani hiyo Cymoril anasukumwa kwenye makali ya upanga na kufa. Majoka ya Melniboné yanapoziandama merikebu za washambulizi, Elric anatumia uchawi wa pepo kuinusuru merikebu yake pekee na kuwaacha wenziwe waangamie. Msomaji anabaki na swali gumu: je, huyu ni shujaa au ni muuaji? Elric mwenyewe hana jibu, na majuto yake ndiyo yanayomfanya msomaji asimchukie.

Umbo la visa hivi nalo lilichangia umaarufu wake. Kati ya mwaka 1961 na 1964, jarida hilo lilichapisha visa tisa. Kila kimoja kilikuwa na mwanzo na mwisho wake, kifupi kiasi cha kusomwa kwa kikao kimoja. Lakini madhara ya kisa kimoja yalihamia katika kingine: rafiki aliyekufa hakufufuka, na mji ulioteketea ulibaki magofu. Visa vitano vya kwanza vilikusanywa katika kitabu The Stealer of Souls mnamo 1963, na vinne vya mwisho vikaunda Stormbringer mnamo 1965.

Jambo la ajabu ni kwamba katika vinne hivyo Moorcock alimuua shujaa wake. Mkewe Zarozinia na rafiki yake wa dhati Moonglum wote wanaangamia kwa upanga uleule. Hatimaye upanga unamgeukia bwana wake. Mwandishi mwingine angeishia hapo. Moorcock alirudi nyuma, akasimulia yaliyotangulia katika riwaya Elric of Melniboné ya mwaka 1972, na akaendelea kuongeza visa hadi The Citadel of Forgotten Myths mnamo 2022. Wasomaji waliendelea kumfuata ingawa walijua mwisho. Hilo halipaswi kumshangaza anayewajua wasikilizaji wa utenzi wa Liyongo. Wao hujua tangu mwanzo kwamba mwana atamchoma babake kwa sindano, na bado husikiliza. Mtu anayejua mwisho huacha kuuliza nini kitatokea, akaanza kuuliza kwa nini hakikuzuilika.

Moorcock hakuficha asili ya mhusika wake. Alimkopa kwa sehemu kutoka kwa Zenith, mhalifu mwenye ualbino aliyebuniwa na Anthony Skene katika hadithi za mpelelezi Sexton Blake. Aidha, aliisifu riwaya The Broken Sword ya Poul Anderson, iliyochapishwa mwaka 1954, ambamo pia mna upanga uliolaaniwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hata hivyo, kuna jambo la kutahadhari. Visa hivi vinauhusisha ualbino na udhaifu wa damu pamoja na uchawi. Katika hali halisi, ualbino ni hali ya kurithi ambapo mwili hautengenezi rangi ya kutosha kwenye ngozi, nywele na macho. Wenye hali hiyo huhitaji kujikinga na jua na aghalabu huwa na matatizo ya kuona, lakini si wanyonge wala si viumbe wa miujiza. Katika eneo hili, imani kwamba viungo vyao huleta utajiri imesababisha mauaji, hasa nchini Tanzania. Umoja wa Mataifa uliitenga Juni 13 kuwa siku ya kuhamasisha umma kuhusu ualbino, na siku hiyo ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Kilichokuwa pambo la kubuni jijini London kinaweza kuwa hatari kwingineko kikisomwa kama ukweli.

Pamoja na hayo, anayevisoma visa hivi kwa makini atagundua kwamba vinaikemea imani hiyohiyo. Mtu anayetafuta nguvu kwa kunyonya uhai wa wenzake ndiye anayeangamia na kuangamiza nyumba yake. Upanga haumpi Elric chochote ambacho haukumpora mtu mwingine, na kila anapoapa kuutupa, anaurudia kama mlevi anavyoirudia chupa. Wengi wamewahi kumwona jirani au kiongozi aliyeshika silaha ya aina hiyo, iwe ni mamlaka, mali au ulevi, akidhani anaitawala. Ndiyo maana Elric, baada ya zaidi ya miaka 60, bado anasomwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe.