Treni ya boksi au lori la waya: ipi inafaa Hadado?

Kama una mpwa au mdogo wako Hadado, kule Wajir Magharibi, na Idd ikikaribia unazunguka Isli ukimtafutia treni ya kuchezea, soma hii kabla hujatoa pesa mfukoni. Swali ni rahisi: ile ya boksi na ile iliyoundwa kwa mkono, ipi iko fiti?

Wengi watakuambia ya boksi, tena bila kufikiri. Kwa macho hawajakosea. Kiwanda kina kalibu, kinatoa injini elfu moja zinazofanana, madirisha yamenyooka, rangi haijavuka mstari. Halafu kuna vipimo. Treni ndogo za skeli ya HO, yaani 1 kwa 87, hupita kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5. Kampuni zikifuata kipimo hicho, mabehewa ya hii yanapita kwenye reli za ile. Fundi wa mkono hapo anapata shida.

Sasa piga hesabu. Mimi chuo niliacha, sina digrii ya kukuonyesha, lakini hii ni ya shule ya msingi. Zidisha 16.5 kwa 87 unapata karibu 1,435. Huo ndio upana wa reli ya SGR kwa milimita, ile ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa 2017. Reli yetu ya zamani, iliyofika Kisumu 1901, ina upana wa mita moja tu. Ukitaka modeli ya Mount Gelai, lile dude lililo kwenye makumbusho ya reli Nairobi, moja kati ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa Manchester miaka ya 1955 na 1956, si rahisi kuikuta kwenye rafu. Ndiyo maana hata huko majuu kuna watu wazima wanaokaa miezi mizima na tupa na vipande vya shaba wakiunda injini moja. Kiwanda humtengenezea mteja wake. Wao si mteja huyo.

Mtoto wa Hadado naye pia siye.

Treni ya boksi imefikiriwa kwa sakafu ya vigae. Ukiweka reli zake mchangani zinapinda, viungo vinaachana, injini inalala ubavu. Magurudumu ni madogo kama vifungo vya shati. Punje ya mchanga ikiingia kwenye giya za plastiki, meno yanakwanguka, mota inalia tu bila kwenda popote. Zile za bei kali, zinazopata umeme kupitia reli, ndizo mbaya zaidi: vumbi kidogo tu juu ya reli na umeme haufiki kwenye gurudumu. Wenye nazo hufuta reli kila mara, tena ndani ya nyumba. Wewe fikiria upepo wa Wajir wakati wa kiangazi.

Cheki sasa lori la waya. Malighafi ni waya, mkebe wa mafuta ya kupikia, na slipa iliyokwisha. Magurudumu hukatwa makubwa kwa sababu ardhi ni ya mchanga. Usukani unakaa juu ya fimbo ndefu, mtoto anakimbia wima bila kuinama. Gurudumu likikatika, slipa nyingine ipo. Akitaka treni, anaunga mikebe mitano kwa kamba na safari inaanza. Reli haihitaji. Isitoshe, hata reli ya LAPSSET, mradi uliozinduliwa Lamu Machi 2012, bado iko kwenye ramani tu.

Usidhani nasifia kila kitu. Waya una ncha, na mkebe uliokatwa ni wembe, kwa hivyo kingo zikunjwe ndani kabla mtoto hajagusa. Lakini ya boksi nayo ina hatari yake. Zile betri bapa kama sarafu, mtoto akimeza moja inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili. Na kutoka Hadado hadi hospitali kubwa mjini Wajir, hizo saa mbili ni chache sana.

Kwa hivyo, ukiwa dukani, geuza kitu chini uangalie mambo matatu. Je, mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu? Je, mwili unafunguka, au umegundishwa kiasi kwamba ukizima ni wa kutupa? Je, magurudumu yatapita mchangani? Ikikosa hata jambo moja, iache hapo. Pesa hiyo nunua koleo zuri na waya laini mita kadhaa, utume na basi.

Mtoto aliyeunda lori lake mwenyewe anajua ekseli inafanya kazi gani. Miaka kumi ijayo, pikipiki yako ikizima njiani kwenda Griftu, huyo ndiye utakayempigia simu.