Raketi ya kaboni kwa bei ndogo: namna ya kuchagua bila kutupa feza

Lubumbashi – Kijana mwenye kucheza ping-pong na raketi ya bei ndogo, ile wanauzisha tayari ndani ya kifuko, anafika siku moja akiona haimusaidie tena. Akiuliza wenzake, jibu ni neno moja tu: kaboni. Mbele ya kutoa dola zake, inafaa ajue ananunua nini.

Kaboni iko wapi?

Raketi ya mashindano iko na vipande vitatu: ubao na mushikio wake, na kauchu mbili za kubandika, moja kila upande. Muuzishaji wa Kifaransa ataandika «bois» kwa ubao na «revêtement» kwa kauchu. Vitatu vyote vinanunuliwa kila kimoja na bei yake.

Ubao si kipande kimoja cha muti. Ni tabaka nyembamba za muti zenye kubandikwa moja juu ya ingine, mara mingi tano ao saba. Ubao wa kaboni unaongeza katikati yao tabaka mbili za nyuzi nyeusi, nyembamba sana. Sheria ya ITTF, shirikisho la dunia la muchezo huu, inaomba asilimia 85 ya unene wa ubao ikuwe muti wa kawaida, na tabaka ya nyuzi isipite milimita 0,35. Kwa hiyo hata ubao wa bei kali ni muti zaidi ya yote. Mingi iko na limba, muti wenye kuota Afrika ya kati, hata kule Mayombe, Kongo-Central.

Inaleta nini, inaondoa nini?

Nyuzi zinafanya ubao ukuwe mugumu. Haupindike sana, mupira unatoka haraka, na hata ukigonga pembeni kidogo ya katikati, bado unaenda na nguvu. Lakini kuko bei ingine ya kulipa: mupira haukawie kwenye raketi, na mukono unakosa wakati wa kuuzungusha ao kuutuliza. Mwenye kuanza ataona mipira yake mifupi inaruka juu, na adui anaipiga bila shida.

Kipimo kimoja rahisi: kama haujaweza kurudisha mipira 20 ya mfululizo kwenye meza, kwa mukono wa kuume na kwa mugongo wa raketi, baki kwenye ubao wa muti tupu wa tabaka tano. Ni bei ndogo, na utakufundisha zaidi.

Ndani ao inje?

Kama uko tayari, uliza kaboni iko tabaka gani. Ikikuwa inje, chini tu ya tabaka ya kwanza, ubao uko na mbio hata kwa pigo dogo. Ikikuwa ndani, karibu na kiini, pigo dogo linasikilika kama muti na kaboni inaamuka pale unapiga kwa nguvu. Kwa mutu anayetoka kwenye muti tupu, ya ndani ndiyo salama. Alama ALC inaonyesha kaboni yenye kuchanganywa na nyuzi zingine, arileti, zenye kuipunguza ukali.

Viscaria ya Butterfly, kampuni ya Japani, inapita dola 150 bila kauchu. Makampuni ya China kama Yinhe, Sanwei na Loki yanatengeneza mbao za kaboni zenye kuuzishwa mara mingi kati ya dola 20 na 50. Kwa muchezaji wa mutaa, tofauti ya mbao hizo ni ndogo kuliko tofauti ya mazoezi.

Piga hesabu yote

Kosa la wengi ni kumaliza feza yote kwenye ubao, kisha kubandika kauchu ya zamani yenye kukauka. Kauchu ndiyo inagusa mupira. Ikikuwa imekufa, kaboni haisaidie kitu. Mwenye dola 60 anaweza kuweka 25 kwa ubao, 20 kwa kauchu mbili za China, na kubakisha 15 kwa gundi na usafiri. Bei ya kwenye telefone si bei ya kufika Lubumbashi: uliza ajensi bei ya kilo na uzito mudogo wanaokubali. Wachezaji wanne wakiagiza pamoja, kila mutu analipa kidogo.

Mbele ya kulipa

Angalia ubao kwa pembeni: tabaka mbili za nyuzi zinaonekana, sawa pande zote. Mustari wa rangi juu ya muti si kaboni. Uzito wa gramu 85 mpaka 90 unatosha. Ukipita hapo, mukono utachoka. Kama ni wa mukono wa pili, gonga na kidole kila pahali: sauti yenye kubadilika pahali pamoja inaweza kuonyesha tabaka yenye kuachana. Kwa mashindano, alama ya ITTF inatafutwa kwenye kauchu, si kwenye ubao.

Ukishanunua, pakaa verni kidogo sana mbele ya kubandika, ili muti usitoke pamoja na kauchu siku ya kubadilisha. Tumia gundi ya maji. Gundi ya viatu hapana: gundi zenye mvuke mukali zilikatazwa tangu 2008, juu ya afya ya wachezaji. Na wakati wa mvua, funga raketi ndani ya kifuko, mbali na ukuta wenye maji.