Kisigino Kikae Chini: Namna Ufungaji wa Viatu Maalumu Unavyoulinda Mguu Kifundo Ulionyooshwa

Utangulizi

Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, akifikishwa kliniki mapema, anaweza kunyooshwa mguu wake kwa muda wa takriban miezi miwili bila kufanyiwa upasuaji mkubwa. Siku plasta ya mwisho inapofunguliwa, wazazi huuona kwa mara ya kwanza unyayo ulionyooka, na wengi huamini kwamba matibabu yamekwisha. Kilichokwisha ni kuunyoosha mguu. Kuulinda usirudi ulikotoka ndiko kwanza kunaanza, nako huchukua takriban miaka minne na hufanyika nyumbani kila usiku, mikononi mwa mama, baba, bibi au dada wa mtoto.

Kifaa cha ulinzi huo ni viatu viwili vilivyofungwa kwenye upau mmoja wa chuma. Kwa mtazamo wa haraka kifaa hiki ni rahisi, na pengine ndiyo sababu maelekezo yake hutolewa kwa haraka. Hata hivyo, namna kiatu kinavyoushika mguu ndiyo inayoamua kama mtoto atavumilia kukivaa, kama ngozi yake itabaki salama na kama mguu utabaki umenyooka. Makala haya yanawaeleza wahudumu wa afya na wazazi jinsi kifaa hicho kinavyofanya kazi, jinsi ya kukifunga na jinsi ya kutambua kasoro kabla haijaleta madhara.

Hali yenyewe na matibabu yake

Mguu kifundo ni hali ya kuzaliwa nayo ambapo unyayo hugeukia ndani na kuelekea chini, huku kisigino kikivutwa juu. Humpata takriban mtoto 1 kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Wavulana huathirika karibu mara mbili zaidi ya wasichana, na kwa karibu nusu ya watoto hao miguu yote miwili huwa imepinda. Hali hii haitokani na laana wala na kosa lolote alilolifanya mama wakati wa ujauzito.

Njia ya matibabu inayotumika sasa katika nchi nyingi ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na Daktari Ignacio Ponseti (1914–2009), mzaliwa wa kisiwa cha Menorca nchini Hispania, aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Mguu hunyooshwa taratibu kwa mikono, kisha hufungwa plasta ngumu, ambayo wengi huiita hogo. Plasta hubadilishwa kila wiki, na kwa kawaida huhitajika tano au sita. Watoto wengi hukatwa kano ya kisigino kwa tundu dogo, kwa ganzi ya mahali hapo tu, na plasta ya mwisho hukaa wiki 3 ili kano iunge ikiwa ndefu zaidi. Plasta hiyo ikitolewa, mtoto huvishwa viatu maalumu siku hiyo hiyo.

Haraka hiyo ina sababu. Misuli, kano na tishu zilizouvuta mguu wakati mtoto yumo tumboni huendelea na tabia yake baada ya kuzaliwa, hasa katika miaka ya mwanzo ambapo unyayo hukua kwa kasi. Kitabu cha mwongozo wa njia ya Ponseti kilichochapishwa na shirika la Global HELP kinaeleza kwamba mguu hurudi kupinda kwa takriban asilimia 6 tu ya watoto ambao familia zao hufuata ratiba ya viatu, na kwa zaidi ya asilimia 80 ya wale ambao familia zao haziifuati.

Kwa nini upau uunganishe miguu miwili

Swali ambalo wazazi huuliza mara nyingi ni hili: ikiwa mguu mmoja tu ndio uliokuwa umepinda, kwa nini mtoto afungwe yote miwili? Jibu limo katika namna mguu unavyozunguka. Kiatu kimoja au kifaa kinachoishia chini ya goti kinaweza kuuzuia unyayo usielekee chini, lakini hakiwezi kuuweka ukiwa umegeukia nje, kwa kuwa mguu mzima huzunguka ndani pamoja na kiatu chake. Upau huupa kila mguu egemeo kwenye mguu mwenzake, na hivyo pembe iliyowekwa kliniki hudumu usiku kucha.

Pembe hizo zina vipimo vyake. Kiatu cha mguu uliotibiwa hugeuzwa nje kwa nyuzi 60 hadi 70, kulingana na kiasi ambacho mguu uliweza kugeuka katika plasta ya mwisho. Cha mguu usio na tatizo hugeuzwa nyuzi 30 hadi 40. Upau wenyewe hupindwa kidogo ili vidole viinuke kwa nyuzi 10 hadi 15, nafasi inayoivuta kano ya kisigino isifupike. Umbali kati ya kisigino kimoja na kingine huwa sawa na upana wa mabega ya mtoto.

Magoti hubaki huru. Mtoto anapopiga mateke kwa miguu yote kwa pamoja, misuli ya nyuma ya miguu hunyooka na kulegea bila ya mtu kumfanyisha zoezi lolote. Lakini teke hilo lina faida pale tu ambapo kiatu kimeushika mguu sawasawa. Katika nchi za baridi, watu wanaoteleza juu ya theluji kwa ubao hufunga viatu vyao kwenye ubao huo kwa mikanda, nao wanajua kwamba kisigino kikiinuka ndani ya kiatu, mguu hugeuka lakini ubao hauitiki. Kwa mtoto wa mguu kifundo kanuni ni hiyo hiyo, ila mwelekeo ni wa kinyume: kisigino kikiinuka, upau hukaa katika pembe yake lakini mguu haumo katika pembe hiyo. Kwa macho mtoto amevaa viatu. Kwa hakika mguu wake hauna kinga.

Namna ya kufunga

Mvishe mtoto soksi laini ya pamba isiyo na mikunjo. Ikiwa miguu yote miwili ilitibiwa, anza na ule uliokuwa umepinda zaidi. Mtoto anayerusha mateke mara nyingi huusukuma mwenyewe mguu wa pili ndani ya kiatu chake.

Fungua kiatu chote, kamba na mkanda. Kunja goti la mtoto, shika unyayo na uusukume nyuma taratibu mpaka kisigino kiguse soli na kukaa kwenye kona ya nyuma. Ukiwa bado umeushika, funga kwanza mkanda wa katikati, unaopita mbele ya kifundo cha mguu. Mkanda huu ndio unaokishika kisigino, hivyo ukazwe vizuri. Kamba zifuate baadaye, zikazwe kiasi cha kuushika mguu bila kuzuia damu.

Kisha hakikisha. Shika mguu chini ya goti, uvute juu na kuushusha polepole huku ukitazama vidole. Vikisogea mbele na nyuma ndani ya kiatu, kisigino hakijakaa chini. Fungua na uanze upya. Vidole vyote vionekane, viwe vimenyooka na viwe na rangi yake ya kawaida. Inafaa mhudumu achore mstari kwenye soli ya ndani siku ya kwanza, mahali vidole vinapofika kisigino kikiwa chini. Tangu hapo mzazi hahitaji kukisia: vidole visipoufikia mstari, kisigino hakijakaa mahali pake.

Malengelenge hutokana na kiatu kilicholegea

Hapa ndipo familia nyingi hupotea njia, na si mara chache hupotezwa na ushauri wa mhudumu. Mtoto hupata wekundu au malengelenge nyuma ya kisigino. Mama, kwa huruma, hulegeza mkanda. Kesho yake kidonda ni kikubwa zaidi. Hulegeza tena, kisha huviacha viatu kwa wiki moja ili ngozi ipone, na siku anapovirudisha haviingii tena.

Wekundu mkali au malengelenge nyuma ya kisigino kwa kawaida ni alama ya mguu unaoteleza, unaopanda na kushuka na kusugua ngozi kwa kila teke. Ngozi iliyoshikwa imara haisuguliwi. Hatua ya kwanza ni kukiangalia kisigino, na kama hakiko chini, kukiketisha upya na kukaza mkanda. Kulegeza huongeza msuguano. Wekundu hafifu katika siku za mwanzo ni wa kawaida na hufifia. Mafuta yasipakwe kwenye wekundu, kwa kuwa hulainisha ngozi na kuharakisha kuchubuka. Kidonda kilicho wazi, uvimbe au vidole vilivyobadilika rangi vinahitaji kliniki bila kuchelewa.

Ipo sababu nyingine ya kisigino kutokaa chini, nayo haitibiki kwa mkanda: mguu wenyewe haujanyooka vya kutosha. Ikiwa unyayo haujaweza kugeuka nje ipasavyo au kuinuka juu kwa takriban nyuzi 15, kiatu kitautapika kila usiku. Mtoto huyo anahitaji plasta tena. Kumlazimisha mama aendelee kukaza ni kumtesa yeye na mtoto.

Mtoto anayekataa viatu

Usiku wa kwanza na wa pili mtoto hulia, hata kama kila kitu kimefungwa sawa, kwa sababu hajazoea kusogeza miguu pamoja. Mzazi humsaidia kwa kuushika upau na kukunja na kunyoosha magoti yote mawili kwa mchezo, mpaka mtoto agundue kwamba anaweza kupiga mateke. Upau ukizungushiwa kitambaa laini, haumuumizi yeye wala wanaolala naye. Viatu vikivaliwa kila siku saa ile ile na kabla ya tendo lile lile, kama kunyonya au kulala, mtoto huvipokea kama sehemu ya usiku.

Kilio kikiendelea baada ya siku hizo, kitafutiwe sababu. Je, kisigino kimekaa? Je, kiatu kimekuwa kidogo? Je, upau bado unalingana na mabega? Kosa la kawaida ni kumwachia mtoto wa mwaka mmoja upau uliopimwa alipokuwa na miezi mitatu. Upau mfupi humchosha, na mtoto aliyechoka huvua viatu.

Katika kadi nyingi za kliniki huandikwa kwamba mama hafuati maelekezo. Maneno hayo yasiandikwe kabla mhudumu hajamwomba mama amvishe mtoto mbele yake, tangu mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi atakachokiona ni mama anayefuata maelekezo aliyoelewa, kwa kiatu kisichofaa tena. Aidha, mume, mama mkwe au mwanafamilia mwingine anayeviona viatu kuwa ni mateso aalikwe kliniki. Mzazi mmoja hawezi kwa miaka minne kufanya jambo ambalo nyumba nzima inalipinga.

Viatu vilivyobuniwa Uganda

Si lazima kifaa hiki kitoke ng'ambo. Nchini Uganda, Michiel Steenbeek alibuni viatu vinavyoweza kutengenezwa kwa ngozi, mbao na chuma kinachochomelewa, vitu ambavyo fundi wa karakana ya kawaida huvipata. Viatu hivyo, vinavyojulikana kwa jina lake, viko wazi mbele ili vidole vionekane, na vina tundu nyuma ambalo mzazi hulitumia kuona kama kisigino kimekaa mahali pake. Upau ukivunjika, fundi wa karibu anaweza kuuchomelea, mradi pembe za viatu na upana wa upau vikaguliwe upya kliniki.

Ratiba na dalili za hatari

Kwa miezi 3 ya kwanza viatu huvaliwa saa 23 kwa siku, saa moja ikibaki ya kuoga na kunyoosha miguu. Baada ya hapo huvaliwa usiku na wakati wa usingizi wa mchana, jumla ya saa 12 hadi 14, mpaka mtoto afikie umri wa miaka 4. Mtoto anayejifunza kutembea hutembea mchana kwa viatu vya kawaida au bila viatu. Kifaa hiki hakimchelewishi.

Mahudhurio ya kwanza huwa wiki 2 baada ya kuanza viatu, kisha miezi 3, halafu kila miezi 4 mpaka umri wa miaka 3, na kila miezi 6 mpaka miaka 4. Mzazi asisubiri tarehe akiona kisigino kinaanza kuinuka, unyayo unageukia ndani, mtoto anakanyagia ukingo wa nje wa unyayo, au viatu vilivyokuwa vikiingia vizuri sasa haviingii. Mguu ulioanza kurudi, ukiwahiwa, kwa kawaida hunyooka tena kwa plasta chache. Ukicheleweshwa, huweza kuhitaji upasuaji.

Hitimisho

Kabla familia haijaondoka kliniki siku ya kwanza, mlezi atakayemvisha mtoto kila usiku amvishe mara tatu kwa mikono yake mwenyewe, na kila mara akionyeshe kisigino kilipo. Yule anayeweza kusema kwa uhakika kwamba kisigino kiko chini anaweza kurudi nyumbani. Asiyeweza bado hajamaliza kufundishwa, na wajibu huo ni wa kliniki.